Umbali wa chaji moja: kutoka debe la petroli mpaka kinywe cha Ruangwa

Wiki hii sina habari za bumu kuchelewa wala foleni ya maji hosteli. Nataka tupige stori ya historia kidogo, maana kuna watu wanadhani sisi tunaosoma ualimu wa Historia na Jiografia kazi yetu ni kukariri tarehe za Mkutano wa Berlin tu. Leo nina swali moja: gari la umeme likishachajiwa linafika wapi, na dereva afanye nini lifike mbali zaidi? Swali hili watu wamelipigania kwa zaidi ya miaka 120, na sehemu ya jibu imelala chini ya ardhi ya kwetu, Ruangwa na Nachingwea.

Kilichonifanya nichimbe suala hili ni simu ya baba mdogo kutoka Malolo. Amevuna ufuta, mnada umekwenda si haba, na kuna mtu amemshawishi anunue bajaji ya mizigo ya umeme. Muuzaji kamwambia kilomita 100 kwa chaji moja. Baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza, "Mwanangu, ninyi wasomi mnasemaje? Ikiniishia porini na magunia ya watu, nani ataivuta?" Swali la maana sana hilo. Kule kwetu hela ya ufuta ikishakwenda mpaka mwakani, hakuna cha kujaribu mara mbili. Nikamwomba anipe siku chache, nikaingia maktaba, na haya ndiyo niliyotoka nayo.

UMEME ULITANGULIA

Wengi tunadhani gari la umeme ni kitu cha juzi, kimeletwa na matajiri wa Marekani. Si kweli. Mwaka 1900 viwanda vya Marekani vilitengeneza magari 4,192. Kati ya hayo, 1,681 yalikuwa ya mvuke, 1,575 ya umeme, na 936 tu yalikuwa ya petroli. Yaani petroli ndiyo iliyokuwa ya mwisho darasani! Mwaka mmoja kabla yake, 1899, Mbelgiji Camille Jenatzy alikuwa mtu wa kwanza kuvuka kilomita 100 kwa saa akiwa ndani ya gari, na gari lenyewe lilikuwa la umeme.

Tatizo lilikuwa umbali. Betri za wakati ule zilikuwa za risasi na asidi, zilizovumbuliwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, ndugu wa hizi tunazofunga kwenye sola kijijini. Ni nzito kupindukia kwa umeme mdogo zinaotunza. Mwaka 1897 mwanasayansi wa Ujerumani, Wilhelm Peukert, alieleza tabia yake moja mbaya: ukiikamua betri ya risasi kwa haraka, haikupi yote iliyonayo. Ukiikamua taratibu, inakupa zaidi. Hapo ndipo ilipozaliwa kanuni ya kwanza ya kufika mbali, na mababu zetu walishaisema bila maabara: haraka haraka haina baraka.

Madereva wa zamani waliielewa. Mfaransa Louis Krieger mwaka 1901 alitoka Paris mpaka Châtellerault, kilomita zinazokaribia 307, bila kuchaji njiani. Kampuni ya Detroit Electric, iliyotengeneza magari kuanzia 1907 mpaka 1939, iliwahi kufikisha gari lake maili 211, yaani kilomita kama 340, kwa chaji moja katika jaribio. Kwa matumizi ya kawaida ya mjini wenyewe walikuwa wanaahidi maili 80 tu, sawa na kilomita kama 129. Siri ya ile 340 ilikuwa nini? Mwendo. Magari yale yalikuwa yanakwenda kama kilomita 32 kwa saa. Ukimwambia dereva wa Dar–Mtwara aende 32 atakushusha Kibiti, lakini ndivyo rekodi zilivyovunjwa.

Krieger na wenzake walikuwa na ujanja mwingine. Mota ya umeme ukiilazimisha kuzungushwa na magurudumu inageuka kuwa jenereta. Kwa hiyo mteremkoni au kwenye kufunga breki, gari linarudisha umeme kidogo kwenye betri. Leo wauzaji wanaisifia kama teknolojia mpya, kumbe teksi za umeme za Paris zilikuwa nayo kabla Maji Maji haijapiganwa.

Na wale wa kubadilisha betri? Nao si wapya. Teksi za umeme za New York, zilizoanza 1897, zilikuwa zinaingia kituoni, betri iliyochoka inatolewa kwa mashine, inawekwa iliyojaa, teksi inaondoka. Bodaboda za umeme za Kigali, za kampuni ya Ampersand iliyoanza kazi 2019, zinafanya jambo lile lile, tofauti ni kwamba betri inabebwa kwa mikono.

DEBE LILIVYOSHINDA

Sasa kama umeme ulikuwa mbele, ulishindwaje? Vitabu vinataja mafuta yaliyogunduliwa Spindletop, Texas, mwaka 1901, gari la bei nafuu la Ford Model T la 1908, na kiwashio cha umeme cha Charles Kettering kilichofungwa kwenye Cadillac mwaka 1912, kikamaliza adha ya kuzungusha injini kwa mkono. Yote sahihi. Lakini mimi naona sababu kubwa ni kitu ambacho kila nyumba ya kijijini inakijua: debe.

Debe tunalopimia ufuta na mahindi lilianza maisha kama chombo cha mafuta ya taa na petroli, galoni 4 za Kiingereza, yaani lita kama 18. Tupige hesabu kwa uniti za LUKU, maana uniti moja ndiyo ile kilowati-saa ya kwenye vitabu. Lita moja ya petroli ina nguvu inayokaribia uniti 9. Debe moja basi lina uniti kama 160, na uzito wake ni kama kilo 13. Ukitaka kubeba uniti 160 kwenye betri za risasi utahitaji zaidi ya tani 4! Hata ukikubali kwamba injini ya petroli inapoteza kama robo tatu ya nguvu yake kwa joto, bado debe lile moja linashindana na zaidi ya tani nzima ya betri.

Na debe linatangulia mahali ambapo waya wa umeme haujafika. Mfano uko hapa hapa kwetu. Tarehe 10 Agosti 1907, Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari la petroli kuelekea Swakopmund, Namibia ya leo. Alifika Mei 1909. Hapakuwa na kituo hata kimoja cha mafuta, akaandaliwa akiba za petroli njiani. Kwa gari la umeme safari ile isingewezekana kabisa, maana huwezi kutanguliza umeme ndani ya debe.

Kwa hiyo gari la umeme lilikufa kwa sababu lilitegemea mji. Mjini kuna waya, safari ni fupi, barabara ni laini. Mke wa Henry Ford mwenyewe, Clara, alikuwa anaendesha Detroit Electric huku mumewe anauzia dunia petroli! Kijijini, mshindi alikuwa debe.

NAMBA ZA KARATASI NA UDONGO WA NACHINGWEA

Hapa naomba tutoke kidogo nje ya magari, mtaona ninakokwenda.

Sisi watu wa Nachingwea tumeshawahi kuwa maabara ya namba za karatasi. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield kuangalia kama Tanganyika ingeweza kulimwa karanga kwa ajili ya mafuta ya kula ya Waingereza waliochoshwa na vita. Walikaa wiki chache tu, sehemu kubwa ya ardhi wakaitazama kutoka kwenye ndege. Wakarudi na namba: ekari 3,210,000. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, baadaye Urambo na Nachingwea. Vifaru vya vita aina ya Sherman viligeuzwa matrekta, vikaitwa Shervick. Ikajengwa bandari Mtwara na reli ya kuja Nachingwea.

Mvua haikusoma ripoti. Udongo wa Kongwa ulikuwa unakauka na kuwa kama tofali, majembe yanakatika. Januari 1951 mpango ukatangazwa kufa, na pauni zaidi ya milioni 35 zikafutwa kwenye vitabu. Reli yetu ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kukosa mzigo. Wazee bado wanaweza kukuonyesha tuta lake.

Somo la karanga si kwamba Wazungu walikuwa wajinga, hapana. Somo ni kwamba namba iliyopimwa mahali pengine haiwi kweli kwa kuwa imechapwa vizuri. Na hilo ndilo tatizo kamili la umbali wa magari ya umeme.

Angalieni Nissan Leaf ya kwanza, iliyoanza kuuzwa Desemba 2010, yenye betri ya uniti 24. Gari lile lile, betri ile ile. Kwa kipimo cha Japani lilikuwa linakwenda kilomita 200. Kwa kipimo cha Ulaya cha wakati ule, 175. Kwa kipimo cha Marekani, maili 73, yaani kilomita 117. Nani mwongo? Hakuna. Kila mmoja alipima kwa mwendo wake, hali ya hewa yake na barabara yake. Ila sisi Afrika Mashariki magari yetu mengi ya mtumba yanatoka Japani, kwa hiyo namba inayokuja na gari ni ile ya 200.

Halafu kuna umri. Mwaka 2012 wenye Leaf wa Arizona, jimbo la jangwa huko Marekani, walianza kulalamika kwamba betri zao zinapungua nguvu mapema mno. Sababu ilikuwa joto, na betri ile haikuwa na mfumo wa kupoza kwa maji. Lindi si Arizona, lakini Lindi si Yokohama pia!

Fanyeni hesabu ya nyumbani. Nanganga mpaka Ruangwa mjini ni kilomita 53. Kwenda na kurudi ni 106. Leaf mpya yenye kilomita 117 za Kimarekani inakwenda na kurudi kwa taabu, imebakiza kumi na moja. Leaf ya mtumba iliyobakiza asilimia 70 ya betri inakupa kama kilomita 82. Inafika Ruangwa, inageuza, inakuacha kilomita 24 kabla ya Nanganga. Kwenye karatasi ya Japani hata ukitoa asilimia zile bado ungesoma 140, ungeondoka nyumbani unaimba.

KUFIKA MBALI KWA KILE ULICHONACHO

Haya, sasa dereva afanye nini? Nimekusanya mambo ambayo historia na fizikia ya kidato cha nne vinakubaliana.

La kwanza ni mwendo, kama enzi za Krieger. Upinzani wa upepo unakua kwa mraba wa mwendo. Ukitoka 80 kwenda 100 kwa saa, mwendo umeongezeka kwa robo tu, lakini upepo unakuvuta nyuma kwa asilimia 56 zaidi. Safari inafupika dakika chache, betri inalia. Ukiona huna uhakika wa kufika, punguza mwendo mapema. Ukisubiri taa nyekundu iwake umeshachelewa.

La pili ni mguu mwepesi. Kuondoka kwa fujo na kufunga breki kwa fujo ndiko kunakokula. Tazama mbali, ukiona tuta au ng'ombe, achia mafuta... samahani, achia umeme mapema, mota igeuke jenereta. Hapa kuna jambo madereva wetu wa malori wanapaswa kulisahau. Ile tabia ya kuzima gari au kutoa gia mteremkoni ili kuokoa dizeli, ambayo ni hatari hata kwa lori, kwenye gari la umeme ni hasara juu ya hatari. Ukitoa gia hupati kitu. Ukiacha gia ndani, mteremko unakuchajia.

La tatu ni milima na uzito. Kupandisha gari la kilo 1,500 kwenye mwinuko wa mita 500 kunameza kama uniti 2, mbali na zile za kusukuma gari mbele. Kwa Leaf ya uniti 24 hiyo ni sehemu moja ya kumi na mbili, imekwenda kwa kilima tu. Ukishuka unarudishiwa sehemu, si yote. Na kila gunia unaloongeza linazidisha bili hiyo. Kwa hiyo anayetoka kwenye tambarare akasema "hii inakwenda 100" hajakudanganya, ila hajawahi kupanda Rondo.

La nne ni tairi. Upepo ukiwa pungufu tairi linabonyea, kila mzunguko unakula umeme. Pampu ya mkono ya baiskeli ni kidogo sana kwa bei, lakini inaokoa kilomita. Barabara ya vumbi na ya mchanga inakula kuliko lami, kwa sababu ile ile ya magurudumu kuzama.

La tano ni kiyoyozi. Kwenye foleni ya mjini kinakula sana ukilinganisha na mwendo mdogo unaokwenda. Ukiwa mwendo wa polepole fungua vioo. Ukiwa mwendo mkali funga, maana vioo wazi navyo vinakamata upepo. Na egesha chini ya mwembe au mkorosho: gari linakaa poa, na betri yenyewe inaishi zaidi.

La sita ni namna ya kuchaji. Betri za lithiamu, hasa zile zenye nikeli, hazipendi kukaa muda mrefu zikiwa zimejaa pomoni kwenye joto, wala kukaushwa mpaka sifuri. Kwa shughuli za kila siku wengi wanaishia asilimia 80, wanajaza kamili pale tu wanapokuwa na safari ndefu, na wanaondoka mara inapojaa. Huku si kufika mbali leo, ni kufika mbali mwaka wa tano.

Majirani zetu wameshaanza kuishi na kanuni hizi. Gari la kwanza la umeme la wanafunzi na walimu wa Makerere, Kiira EV, lilitoka 2011 likiwa na umbali wa kilomita 80. Basi lao la sola, Kayoola, 2016, nalo kilomita 80. Nairobi mwaka 2022 BasiGo waliingiza mabasi ya abiria 25 yenye kilomita kama 250. Tazama walichofanya: njia inajulikana, kilomita zinajulikana, basi linachajiwa usiku kituoni. Hawakushindana na debe porini. Walichagua mahali ambapo umeme unashinda.

Basi baba mdogo nikampa kanuni moja tu ya kukumbuka. Chukua namba ya muuzaji, toa thuluthi moja kwa ajili ya barabara na mzigo. Kinachobaki, toa tano moja kwa ajili ya uzee wa betri. Kilomita 100 zinakuwa 67, halafu 53. Kwa hiyo asiende mbali zaidi ya kilomita 25 kutoka mahali anapochajia, kwenda na kurudi akibakiza kidogo. Akacheka, akaniambia, "Kumbe ni ya shamba na mnadani, si ya kwenda Lindi." Ndivyo hivyo. Nikamwambia pia aombe kuijaribu na magunia yakiwa juu, kwenye kilima chake mwenyewe, kabla ya kutoa hata shilingi. Akina Wakefield wangefanya hivyo tusingekuwa na tuta la reli lisilo na reli.

KINYWE

Sasa turudi kwenye betri zenyewe. Kilichofufua gari la umeme baada ya debe kulizika ni lithiamu. Katika miaka ya 1970 Stanley Whittingham, akiwa kampuni ya Exxon, alianza majaribio. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake kule Oxford wakapata upande mmoja wa betri. Mwaka 1985 Mjapani Akira Yoshino akaunda betri iliyo salama ya kutumika, na 1991 Sony wakaiingiza sokoni. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019.

Lakini kuna Mwafrika ambaye hatajwi darasani. Anaitwa Rachid Yazami, mzaliwa wa Fez, Morocco. Mwaka 1980, akiwa mwanafunzi wa utafiti kule Grenoble, Ufaransa, alionyesha kwamba lithiamu inaweza kuingia na kutoka kati ya matabaka ya kinywe, mara nyingi, bila kukiharibu. Kinywe ndiyo ile graphite, kitu cheusi cha ndani ya penseli. Mpaka leo upande wa pili wa betri nyingi za magari ni kinywe. Mwaka 2014 Yazami alipewa Tuzo ya Draper ya uhandisi pamoja na Goodenough, Yoshino na Yoshio Nishi.

Betri ya gari inahitaji takriban kilo moja ya kinywe kwa kila uniti inayotunza. Gari la uniti 60 lina kinywe cha uzito wa mtu mzima. Na kinywe kipo Ruangwa. Mgodi wa Lindi Jumbo umejengwa kwa lengo la tani 40,000 kwa mwaka. Mradi wa Chilalo, nao Ruangwa, ulisainiwa mkataba na serikali Aprili 2023, serikali ikipata hisa asilimia 16. Nachingwea kuna nikeli ya Ntaka Hill, ambayo nayo inatumika kwenye betri. Leseni yake ilileta kesi: mwaka 2023 baraza la usuluhishi la kimataifa liliiamuru Tanzania ilipe zaidi ya dola milioni 109, na mwaka 2024 pande zote zikakubaliana dola milioni 90. Hela hiyo imelipwa na nikeli bado iko ardhini.

Kinywe kikitoka mgodini hakijawa cha betri. Lazima kisafishwe mpaka usafi wa asilimia 99.95, kisagwe na kuviringwa kuwa chembe za duara, halafu zifunikwe. Kazi hiyo zaidi ya asilimia 90 inafanyika China, na Desemba 2023 China ilianza kudhibiti usafirishaji wake nje. Maana yake ni kwamba tunauza gunia, wao wanauza kilomita. Tofauti ya bei iko hapo katikati, na hapo katikati ndipo panapotaka wakemia, mafundi umeme, na kabla yao walimu wa sayansi.

Ndiyo maana nikiulizwa kwa nini nimesoma ualimu na nina mpango wa kurudi kusini, jibu ninalo. Mtoto wa Malolo anaweza kufundishwa mraba wa mwendo kwa bajaji, na historia ya ukoloni kwa tuta la reli. Anaweza kuoneshwa ncha ya penseli yake na kuambiwa kwamba kitu hiki, kikisafishwa, ndicho kinachotunza safari ya mtu wa Oslo. Halafu aulizwe swali la mtihani, alama 20: karanga ziliondoka zikatuachia tuta. Kinywe kikiondoka kituachie nini? Jadili.

Mimi ningependa kusoma majibu ya watoto hao kuliko ripoti yoyote iliyoandikwa kutoka kwenye ndege.

Naomba kuwasilisha. Wenye magari ya umeme mtupe kilomita zenu za kweli, za barabara ya vumbi na mzigo juu. Wenye namba za karatasi, tunazo tayari.